Macho ya Dagaa

"Mama, wananiangalia."

Binti yangu alikuwa hajatimiza miaka mitatu aliposema maneno hayo. Mbele yake palikuwa na kisahani cha ugali na dagaa wa nyanya, dagaa wazima na vichwa vyao, naye amekunja mikono kifuani. Nilimwambia dagaa hawaangalii mtu, wameshakufa. Lilikuwa jibu baya. Tangu siku hiyo hakugusa dagaa. Baadaye akaacha samaki wote, kisha mchicha, kisha maharage kwa sababu "yana nguo", yaani maganda. Ukafika mwezi ambao alikuwa anakula vitu vinne tu: wali mweupe, chipsi, ndizi mbivu na biskuti.

Nyumba yetu iko Kitangiri, Mwanza. Upepo ukigeuka, harufu ya Mwaloni inaingia mpaka chumbani. Wafanyabiashara wanatoka Congo, Rwanda na Burundi kulifuata soko hilo la dagaa, na sisi tuliokuwa mlangoni pake tulikuwa na mtoto anayepungua uzito.

Kliniki muuguzi aliitazama kadi, akautazama mstari wa ukuaji uliokuwa umelala badala ya kupanda, akaniuliza mbele ya foleni nzima ya akina mama kama nampikia mtoto au namwachia dada wa kazi. Sikumjibu. Nilirudi nyumbani nikakoroga uji, nikamlaza mtoto mapajani, nikambana pua, nikammiminia. Alipaliwa. Macho yalimtoka, uji ukamrudia puani, akakohoa hadi midomo ikabadilika rangi. Nilimwinamisha nikampiga mgongoni mpaka akapata pumzi.

Nayaandika haya kwa sababu najua nyumba ambazo mtoto hulishwa hivyo kila asubuhi, na anayemlisha ni mtu anayempenda kuliko kitu chochote. Uji ukiingia njia ya hewa unaweza kuua. Na hata ukipita salama, kijiko kinageuka kitu cha kuogopwa. Wangu akiona kikombe cha uji tu alikuwa anakimbilia chini ya meza. Nilikaa wiki mbili sijampa uji kabisa. Jioni nilikuwa namkalisha karibu yangu nikila chakula changu, bila kumwambia kitu.

Mama mwenzangu akinilalamikia siku hizi kwamba mtoto wake hali, sianzi na mapishi. Namwambia ampime kwanza. Huku ziwani tuna malaria, tuna minyoo, tuna kichocho kwa watoto wanaochezea maji ya kandokando. Upungufu wa damu peke yake unatosha kuua hamu ya kula, na mtoto asipokula damu inazidi kupungua, mambo yanazunguka hapo hapo. Mtoto anayetafuna udongo au mchele mbichi mpeleke haraka. Wangu alikutwa na minyoo na damu iko chini kidogo. Akapewa dawa, na ndani ya mwezi akawa anaulizia chakula mwenyewe, japo bado ni vile vile vinne. Tazama pia mdomoni, kwa sababu jino bovu au kidonda cha ulimi hakionekani ukiwa umesimama mbali. Na matone ya vitamini A yanayotolewa Juni na Desemba kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 yasikupite. Ni ya bure na hayachukui dakika tano.

Hayo yakishaondoka ndipo unabaki na mtoto mteuzi. Hapo kuna jambo ambalo laiti ningeliambiwa mapema. Mtoto akizaliwa na kilo 3, akitimiza mwaka anakuwa na kama 9. Mwaka wa pili anaongeza kilo 2 au 3 tu. Mwili umepunguza mwendo, na hamu inapungua nao. Sisi tunaona sahani imebaki tunadhani mtoto kabadilika, kumbe tunampakulia chakula cha kasi ya zamani. Kipimo cha kuanzia ninachokitumia ni kijiko kimoja cha chakula kwa kila mwaka wa umri, kwa kila kitu kilichopo sahanini: mwenye miaka 3, vijiko 3 vya wali, 3 vya maharage, 3 vya mboga. Akitaka zaidi ataomba. Sahani ndogo yenye chakula kidogo haimtishi mtoto.

Jambo la pili lilikuwa saa. Nilikaa siku moja nikahesabu vilivyoingia mdomoni mwake kabla ya saa saba mchana. Chai ya maziwa yenye sukari saa moja. Biskuti saa mbili ili asilie nikitoka. Nusu andazi kwa jirani. Juisi ya unga saa nne. Ndizi. Biskuti tena. Saa saba namwekea ugali na samaki halafu nalia kwamba mtoto hali! Alikuwa ameshiba tangu asubuhi. Tukaweka ratiba: chai saa moja na nusu, kitafunwa saa nne, chakula saa saba, kitafunwa saa kumi, chakula cha usiku saa moja. Katikati ni maji tu. Siku tatu za kwanza zilikuwa za kilio, na mama mkwe akapiga simu kutoka Misungwi kuuliza kama ni kweli mjukuu wake ananyimwa biskuti. Siku ya nne, saa saba mchana, aliingia jikoni akauliza, "Kimeiva?"

Kuna Mmarekani, mtaalamu wa lishe aitwaye Ellyn Satter, aliyegawa kazi ya mezani hivi: mzazi aamue chakula gani, saa ngapi na kiliwe wapi, mtoto aamue kama atakula na ale kiasi gani. Nilipokutana na maneno hayo mara ya kwanza niliyaona ya mbali, ya watu ambao watoto wao hawana kadi zilizolala. Kisha nikakumbuka sinia la kwa mama mkwe. Watoto wanane wanakaa kulizunguka, ugali katikati, mboga pembeni, wananawa, wanamega. Hakuna anayehesabu matonge ya mwenzake, hakuna mtu mzima anayesema "maliza." Binti yangu alipelekwa huko likizo na alikula kunde, ambazo kwangu alikuwa anazitema. Alikula kwa sababu kila mkono ulikuwa unaelekea kwenye kunde.

Ila sinia nalo lina kasoro yake, nalisema kwa heshima. Mdogo hana kasi. Wakubwa wakishapita kwenye samaki, mwenye miaka 3 anabaki na ugali na mchuzi. Nilichofanya mimi ni kumpa kibakuli chake chenye sehemu yake ya samaki na mboga, nikakiweka pale pale kwenye duara la sinia. Anakula na wenzake, na samaki wake hawaibiwi.

Sasa nirudi kwa dagaa. Sikuwa tayari kuwaacha. Hawa wadogo tunawala wazima, mifupa na vyote, na ndiyo maana wanampa mtoto kalsiamu ambayo mnofu wa sangara hauwezi kumpa kwa kiasi hicho. Wana protini, wana madini ya chuma, wana zinki. Na bei yake ni ya watu kama sisi: familia isiyoweza kununua nyama kila siku inaweza kununua fungu la dagaa.

Nilikwenda Mwaloni Jumamosi asubuhi na jirani yangu, mzaliwa wa Ukerewe, ambaye ndiye aliyenifundisha kununua. Mimi si wa huku, nimeletwa na ndoa, na kwa miaka nilikuwa nanunua dagaa kwa macho tu. Yeye ananunua kwa kiganja. Anachukua wachache, anawasugua taratibu kati ya mikono miwili, kisha anafungua mikono na kutazama kilichobaki. Wale waliokaushwa mchangani wanaacha punje zinazong'aa kwenye mistari ya kiganja. Wale wa vichanjani, juu ya nyavu, wanaacha magamba membamba tu na harufu ya ziwa. Halafu anawatazama rangi: wawe wa fedha, si wa manjano ya kutu. Halafu anamvunja mmoja. Akikatika kwa mlio amekauka, akipinda hajakauka, na asiyekauka atapata ukungu ndani ya wiki. Na usiende wakati wa mbalamwezi ukitegemea bei nzuri. Wavuvi wanawavutia dagaa kwa taa gizani, na mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi.

Nyumbani niliwaosha kwa maji ya vuguvugu mara nne, kila mara nikiwanyanyua kwa mikono na kuuacha mchanga chini ya beseni, maana ukimwaga maji na dagaa pamoja mchanga unarudi nao. Nikawaanika tena nusu siku juu ya ungo, nimewafunika chandarua. Kisha kikaango kikavu, moto mdogo wa mkaa, bila mafuta, nikigeuza na mwiko mpaka wakaanza kulia kama majani makavu. Kinu, mchi, chekeche. Kilichopatikana ni unga wa rangi ya kijivu-kahawia, laini kama pilipili manga iliyosagwa, uliojaa chupa moja ya jemu.

Mara ya kwanza nilitoa vichwa vyote na matumbo, kwa ajili ya uchungu. Sasa hivi natoa matumbo peke yake, vichwa nasaga, kwa sababu vichwa ni mifupa na mifupa ndiyo kalsiamu yenyewe. Uchungu wake ni mdogo na mchuzi wa nyanya unaumeza.

Binti yangu aliniona nikitwanga. Akauliza ni nini. Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu ushauri unaosambaa ni kwamba umfiche mtoto: saga, changanya, nyamaza. Mimi sikumficha. Mtoto akigundua kwamba wali wake ulikuwa na samaki ndani, ataacha na wali, nawe umebakiwa na vitu vitatu. Nilimwambia ni dagaa waliosagwa, hawana macho tena. Akachovya kidole, akalamba, akakunja uso, akaondoka. Akaupa jina: vumbi la dagaa. Wiki hiyo niliweka nusu kijiko cha chai kwenye mchuzi wake wa nyanya na kitunguu, nikamwonyesha nikiweka. Alikula. Baadaye kijiko kizima. Baadaye akawa anaweka mwenyewe, na kitu ambacho mtoto amekiweka mwenyewe sahanini anaona uzito kukikataa. Vumbi hilo linakaa vizuri kwenye maharage yaliyopondwa, kwenye rojo la karanga, kwenye ndizi za kupika, hata ndani ya katlesi za viazi. Kwenye uji mimi siweki. Najua wanaoweka, lakini uji ulikuwa kidonda chetu na sikutaka kuuchezea. Chupa iwe kavu na ifungwe barabara. Mimi natengeneza ya wiki mbili tu.

Ilichukua miezi minne kabla hajala dagaa mwenye umbo la dagaa. Nilikuwa nawatoa vichwa kwenye kibaraza, akaja akakaa, akauliza kama anaweza kusaidia. Vidole vyake vidogo vinafaa kazi hiyo kuliko vyangu: anabana nyuma ya mashavu ya dagaa, anapinda, kichwa kinatoka. Vichwa aliviweka kwenye bakuli la peke yake na kulifunika na sahani, wasione. Wale wasio na vichwa niliwakaanga wakakauka kabisa, nikakamulia limao, nikaweka kwenye sahani katikati yetu. Tulikuwa tunapiga stori za shule. Alikula watatu.

Samaki wakubwa wana hofu yao nyingine, ya miiba, na hofu hiyo ni ya haki. Kwa mtoto nachukua mnofu wa mgongoni wa sato, juu ya uti, ambako miiba ni mikubwa na inaonekana. Naupitisha wote kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, nikiusaga kidogo kidogo. Macho yanadanganya lakini vidole havikosi mwiba. Mapanki ya sangara nayo nayasemea, maana watu wanayaona chakula cha dhiki. Viwanda vikishachukua minofu ya kwenda nje, pale kwenye mifupa na mashavu inabaki nyama nzuri na tamu. Yachemshe na tangawizi, kitunguu na nyanya, yachuje, chambua nyama ya mashavuni, irudishe kwenye supu na viazi vilivyokatwa vidogo. Mtoto asiyependa kutafuna atakunywa supu hiyo.

Usukumani kiazi kitamu hakihitaji kutambulishwa. Kuna michembe, viazi vibichi vilivyokatwa vipande na kuanikwa. Kuna matobolwa, vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, vinatafunika kama peremende na utamu wake ni wa asili. Matobolwa ndiyo pipi ya bibi, na mtoto wa miaka minne mwenye meno mazuri anaweza kukaa na kipande kimoja nusu saa. Lakini kwa mteuzi wangu aliyekuwa hali mboga za majani, mkombozi alikuwa kiazi lishe, kile cha rangi ya chungwa ndani. Rangi hiyo ndiyo betakarotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na kiazi cheupe karibu hakina. Aina ya Kabode, inayolimwa sana kanda yetu, ilitolewa ng'ambo ya ziwa, Uganda, mwaka 2007. Mganda Robert Mwanga, aliyefanya kazi kubwa ya kuzalisha viazi hivi, alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Kwa mama mkwe Misungwi, wilaya ambayo ndiyo kilipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, mbegu zimefika hadi kwenye matuta yake nyuma ya nyumba.

Mara ya kwanza alileta kiroba kizima. Binti yangu alikataa kiazi cha kuchemsha kwa sababu "kinalowana". Ni kweli, vingi vya hivi vina maji kuliko vyeupe. Basi nikafanya chapati. Chemsha viazi na maganda yake, menya vikiwa bado vya moto, ponda na toa nyuzi. Kikombe kimoja cha viazi kwa vikombe viwili vya unga wa ngano, chumvi kidogo, kijiko cha mafuta. Kanda bila maji kwanza! Kiazi chenyewe kina maji ya kutosha, na ukiyaongeza mapema utabaki unaongeza unga mpaka kiazi kipotee. Ikikataa kushikana, nyunyizia kidogo. Funika nusu saa, kata madonge, sukuma, choma kama chapati nyingine. Inatoka rangi ya jua la jioni, laini hadi kesho yake, na lile tone la mafuta ya kuchomea linafanya kazi, kwa sababu betakarotini inahitaji mafuta ili mwili uipokee. Alikula mbili siku hiyo, akaziita chapati za machungwa. Siku nyingine nakata viazi hivyo hivyo vijiti kama chipsi, napaka mafuta kidogo, navibanika kwenye kikaango kilichofunikwa mpaka vinakauka pembeni.

Na chipsi zenyewe? Sijazipiga marufuku. Ijumaa jioni baba yake akipita anabeba. Nilichobadilisha ni kwamba chipsi hazitolewi tena kama zawadi ya kumaliza mboga. Ukimwambia mtoto "kula mchicha upate chipsi," umemfundisha kwamba mchicha ni adhabu.

Dengu na choroko tunazo tele, za Misungwi na Kwimba, na nashangaa zinavyosahaulika katika vyakula vya watoto. Mtoto asiyetaka maharage yenye "nguo" mpe choroko iliyokobolewa, ikaiva hadi ikawa rojo, na tui la nazi ukiwa nalo au karanga za kusaga ukiwa huna. Dengu zilizolala majini usiku kucha, zikachemshwa na kupondwa na kitunguu, karoti ya kukwaruza na vumbi letu lile, zinafinyangwa katlesi ndogo za mdomo mmoja. Mtoto anapenda kitu anachoweza kukishika.

Uji ulirudi nyumbani kwetu kwa mlango wa nyuma. Sikurudia ule wa lishe wa nafaka kumi. Mahindi, mtama, ulezi, ngano na mchele vyote vinafanya kazi karibu moja. Ukivirundika pamoja hupati lishe mara tano. Karanga na soya ukizisaga humo humo unga unachacha upesi, na soya isiyokaangwa ikaiva inamsumbua mtoto tumbo. Na kuna sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga, ambayo mwaka 2016 iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga zilizosinyaa, zenye weusi au ukungu, tupa. Usimpe kuku wala usizisage kwa ajili ya mtoto.

Sasa hivi napika ulezi peke yake, au ulezi na mahindi, karanga nasaga na kuongeza siku hiyo hiyo. Na ninatumia kimea, jambo alilonifundisha mama mkwe. Shida ya uji ni kwamba ukiwa mwepesi ni maji matupu, na ukiwa mzito mtoto hawezi kuumeza. Tumbo lake ni dogo, linajaa kabla hajapata chochote. Kimea kinatatua hilo. Ulezi unalowekwa usiku mmoja, unafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili hadi tatu mpaka uchipue, unaanikwa, unasagwa. Pika uji mzito wa kusimamisha mwiko, uache upoe kidogo, kisha koroga kijiko kimoja cha kimea. Ndani ya dakika chache unauona ukilegea mbele ya macho yako, unakuwa wa kunyweka bila kuongeza hata tone la maji. Vimeng'enya vilivyomo kwenye mbegu iliyochipua ndivyo vinavyoikata wanga. Ukiwa wa moto sana vimeng'enya vinakufa na hakuna kitakachotokea, ndiyo maana unasubiri upoe, halafu ukishalegea unauchemsha tena kidogo kwa usalama. Mara ya kwanza binti yangu aliitazama sufuria akasema nimefanya uchawi. Aliunywa kwa kikombe alichokichagua yeye sokoni, ameshika mwenyewe kwa mikono miwili.

Kontena la shule sitalisemea sana. Yai la kuchemsha lililokatwa nne, chapati ya viazi iliyopakwa karanga za kusaga na kuviringishwa, vipande vya papai au embe msimu ukiwepo, chungwa la Ukerewe, maziwa mgando kwenye chupa iliyotoka kwenye baridi. Karanga nzima usimfungie mtoto aliye chini ya miaka 5, zinakaba, saga. Asali isubiri hadi amalize mwaka mmoja. Sikukuu natengeneza barafu za embe na maziwa mgando kwenye vikombe vidogo, na watoto wa mtaa mzima wanajua siku.

Chai nayo nimeiondoa kwenye chakula. Chai ya rangi inashika madini ya chuma yasiingie mwilini, halafu sisi ndiyo kinywaji tunachowapa watoto na chapati kila asubuhi. Wangu anapata maziwa au uji, na akila maharage, dagaa au mboga za majani nampa kipande cha papai au namkamulia limao, kwa sababu vitamini C inayafungulia mlango madini hayo. Bibi yake bado anampa chai akienda Misungwi. Tumezungumza, mimi na mama mkwe, akaniambia, "Mwanangu, mbona wewe uliolewa hapa kwa chai?" Nikamwachia hilo. Anampa pia michembe ya rojo la karanga na maziwa ya ng'ombe wake, na mtoto akirudi kutoka huko mashavu yamejaa.

Mstari kwenye kadi ulianza kupanda mwezi wa tano. Muuguzi alikuwa mwingine, kijana, akauliza nilichokuwa nampa, nikamweleza habari za vumbi la dagaa. Aliandika kwenye daftari lake.

Sasa ana miaka mitano. Wanaoshughulika na lishe ya watoto wanasema chakula kigeni kinaweza kuhitaji kuonjwa mara 8, wakati mwingine 15, kabla mtoto hajakikubali, na wengi wetu tunakata tamaa kwenye ya tatu. Bilinganya alizikubali mara ya tisa. Mlenda bado. Anasema unamfuata. Unavutika kutoka kwenye bakuli hadi kidevuni, naye hataki kitu kinachomfuata. Nimempikia mara kumi na moja, nimeupika wa majani mabichi, wa kukausha, wa karanga, na kila mara namwekea tonge moja dogo pembeni ya kibakuli, ambalo akitaka ataligusa na asipotaka baba yake atalimaliza. Safari iliyopita alichovya ncha ya tonge, akainua mkono juu kabisa kutazama uzi wake utafika wapi kabla ya kukatika. Alhamisi napika tena.